Utani Wetu Kwenye Kisiwa cha Mawe Meusi

Binamu yangu mpendwa,

Sijui barua hii nimpe nani akuletee, maana waliokuchukua hawasemi walikokupeleka. Nakuandikia hivyo hivyo. Nimekasirika, na wa kumkasirikia sina ila wewe.

Unakumbuka tulivyovuka magadi yaliyokauka na yule Mjerumani wa mawe, kwenda kwenye kisiwa katikati ya ziwa? Wewe mbele na kilemba chako kipya, eti kiongozi lazima apendeze, yeye nyuma yako, mimi wa mwisho na kapu la mawe yake kichwani. Ukamwonyesha majivu yaliyogeuka mwamba. Ukaokota jiwe jepesi lenye vitundu, ukalitupa kidimbwini, likaelea, naye akafurahi kama mtoto. Tulipofika ukingoni mwa shimo lililotema moto zamani, nikateleza.

"Mwacheni," ukasema. "Huyu ndiye sadaka ya kisiwa. Shimo likimkataa kwa wembamba wake, tutalitupia bwana, ana nyama."

Nikakujibu kwamba likikuonja wewe litatapika upya. Tukacheka mpaka kapu likaniponyoka. Yeye hakucheka. Kiswahili alijifunza kwao, vitabuni, na kila neno alilielewa sawasawa. Hiyo ndiyo iliyokuwa balaa.

Kule bomani Kondoa, alikokwenda kukushtaki, wakakuuliza kama ulisema mtamtupa shimoni. "Nilisema," ukajibu. Ungekana, binamu. Mara moja tu ungeumeza ukweli wako. Mimi nikaeleza kwamba wewe ni mtoto wa shangazi yangu, mtani wangu, na maneno yale yalikuwa ya kunitania mimi, si mgeni. Bwana mkubwa wa boma akauliza utani ni nini. Nikasema ni ruhusa ya kutukanana kwa watu wanaopendana. Akauliza nani aliyeitoa ruhusa hiyo. Nawe ukatiwa mnyororo.

Tangu hapo nimeteremka hadi Dodoma, nikatembea kando ya reli inayojengwa, nikitazama nyuso za wafungwa. Mmoja ana mabega kama yako. Nilimwita kwa jina lako, akageuka, hakuwa wewe. Askari akaniambia wengine wamepelekwa pwani na wengine homa imewamaliza, majina yao hayajui. Naogopa, binamu. Sikufichi.

Sasa shangazi amechoka kungoja. Ametuma mtu kuniambia kwamba wanakuwekea matanga, na kazi ya mtani ni yangu. Nivae nguo zako, nitembee kwa maringo yako, niwachekeshe wanaolia, nidai kuku wangu, ujira wa mtani, ndipo watu watawanyike.

Mizaha ninayo tele, na mingine ungeipenda mwenyewe. Lakini siku nikikutania matangani ndiyo utakuwa umekufa. Nimemwambia mjumbe arudi peke yake.

Kaa salama huko uliko,

Mtani wako, mtoto wa mjomba wako