Wivu Wangu kwa Wanawake wa Saa Kumi na Mbili

Kolwezi, Jumamosi. Baridi kali tangu alfajiri, na vumbi jekundu limeshatanda madirishani kabla jua halijatoka vizuri.

Leo nimemfuata mke wangu kwa siri. Naandika hivyo bila kupamba.

Ngalula alimaliza matibabu ya kansa ya titi mwaka jana, kule Lubumbashi. Miezi yote ile nilikuwa naye. Nilishika beseni alipotapika. Nilijifunza kusonga bukari, ugali wetu, na kupika sombe ya majani ya muhogo, mimi ambaye mama yangu hakuniruhusu kugusa mwiko. Ndugu zetu walipiga simu, wakasali, wakakata. Chumbani tulibaki wawili.

Sasa tuko sita.

Daktari alimwambia atembee kila siku na kuunyoosha mkono wa upande uliopasuliwa. Nilimsindikiza siku tatu, akasema amechoka, akaacha. Wiki iliyofuata nikashangaa anatoka saa kumi na mbili asubuhi na mama Kapinga, muuza makaa wa mtaani kwetu, aliyewahi kuugua ugonjwa huohuo, pamoja na wanawake wengine watatu waliopona.

Hurudi na jasho usoni, anacheka peke yake. Nikimuuliza wameongea nini, ananijibu, "Bitu bya bamama tu."

Mambo ya kina mama tu: maneno hayo yananichoma kuliko ninavyoweza kumwambia mtu.

Kwa hiyo leo nikatoka nyuma yao. Walipita sokoni, wakashika barabara ya malori yanayotoka Fungurume, wakasimama kwenye ukuta wa shule. Pale wakaanza kupandisha vidole ukutani polepole, kila mmoja akijaribu kufika juu zaidi. Mmoja wao akadondosha kitambaa cha kichwa. Ngalula akakiokota, akainua mikono yote miwili, akamfunga vizuri kabisa.

Mimi ndiye ninayemfunga Ngalula kitambaa kila asubuhi. Hata leo nilimfunga. Najua mkono wake haupandi.

Nilijua hivyo.

Aliporudi nilimwambia nilichokiona. Hakukasirika. Alivua viatu, akaketi.

"Ulikuwa unapenda kunifunga kitambala, tata," akasema, akiniita baba kama kawaida yake. "Mi ningekuambia namna gani?"

Nikamuuliza wale wanawake wana nini ambacho mimi sina.

"Hapa nyumbani mi niko mugonjwa. Kule niko Ngalula."

Nikatoka nje nikajifanya natengeneza bomba.

Nikiri hapa, kwa kuwa kanisani sitathubutu. Nilimwomba Mungu ampe uzima. Amempa, na mimi nimenuna. Kuna sehemu yangu iliyozoea kuitwa kila saa, na sasa haijui ifanye nini. Nawaonea wivu wanawake wanne kwa ugonjwa ambao nisingependa kuupata hata siku moja.

Mchana, tukila, aliniambia bila kuinua macho, "Kuya na sisi Jumatatu. Lakini usiniulize kama nimechoka. Hata mara moja."

Nimekubali. Ameshampigia mama Kapinga simu kumwarifu, nikamsikia yule mama akicheka upande wa pili. Wivu bado upo, umekaa palepale. Lakini nimekubali.

Je, nitaweza kutembea saa nzima kando ya mke wangu nikiwa nimefunga mdomo?