Nyasi Ndani ya Kengele

Batula,

Chai iko kwenye birika. Mpe bibi kwanza. Usimlaumu. Aliziba kengele ya ngamia kwa nyasi ili wanajeshi wasiisikie, ndiyo maana jana hatukujua ngamia amepanda kilimani. Asubuhi nilipomuuliza, alinijibu, "Mwalimu mzima, humwoni ngamia mpaka apige kengele?" Mdogo wako hana maziwa mengine, kwa hiyo nimekwenda kumtafuta ngamia.

Kambi ya wanajeshi imeniruhusu kuzunguka kilima mara moja: nipande kwa njia ya kisima, nishukie makaburini kabla ya adhuhuri. Anayeonekana kwingine hupigwa risasi.

~~Nikichelewa, mtume kaka yako Rage.~~ Nikichelewa, asitoke mtu. Mwambie bibi nikimpata ngamia nitazitoa nyasi, yeye awe wa kwanza kutusikia tukishuka.

Baba yako