Mume Wangu Anabaki Mlangoni, Mimi Naingia

Mama Amia mpendwa, nimepiga magoti kabla ya kuandika, naomba unisikilize mpaka mwisho na usinitaje jina barua hii itakaposomwa Jumatano mbele ya wajane wa kanisa unaowafundisha.

Mimi ni mama wa mabinti wawili, na mume wangu ni fundi wa kutia rangi sufu, na tangu tuoane hatujawahi kununiana zaidi ya siku moja, lakini mwaka jana ilipotoka ile amri ya Kaisari kwamba kila nyumba hapa Thesalonike iende madhabahuni, itoe sadaka kwa miungu na ipewe cheti, sisi tulijifungia ndani siku tatu tukila zeituni na mkate mkavu, na siku ya nne mume wangu akaamka, akanawa uso, akaenda peke yake. Kule alimuuliza karani kama baba anaweza kutoa sadaka kwa niaba ya nyumba yake yote, na karani, kwa kuwa foleni ilikuwa ndefu na jua kali, akasema sawa tu, basi akatupia ubani motoni, akamimina divai, akatafuna kipande cha ini, na kwenye cheti yakaandikwa majina yetu wote wanne, lake la kwanza na langu la pili. Aliporudi hakutaka watoto wamguse mpaka aoge, akaniambia, "Likipotea jina langu moja inatosha. Wewe na watoto hamjatia mguu kule. Nyinyi ni wasafi."

Wiki iliyofuata alikwenda mwenyewe kwa wazee wa kanisa akaungama, wakamweka mlangoni pamoja na wanaotubu kwa miaka mitatu, asikilize masomo kisha atoke kabla ya mkate wa Bwana. Kwa hiyo, mama, kila siku ya Bwana tunatoka nyumbani pamoja, amembeba mtoto mdogo mpaka kwenye kizingiti, ananikabidhi, halafu yeye anabaki na mimi naingia, nautia ule mkate mdomoni na haushuki, kwa sababu najua nimeupata kwa gharama ya nani.

Dada Filumena, jirani yangu, ananishauri nimtengee mume wangu sahani na kitanda, ati mdomo ulioonja ini la madhabahuni haufai kula chungu kimoja na mdomo unaoonja mkate wa Bwana, na juzi kisimani akanisema mbele ya watu, "Mwenzetu unaingia kifua mbele, kumbe umebebwa mgongoni." Nilirudi nyumbani na mtungi nusu. Nilipomsimulia mume wangu alicheka kidogo, kicheko cha mtu mwenye huzuni, akasema Mungu wetu hali ini wala hanusi moshi, alichokitaka kwake siku ile yalikuwa maneno mawili tu, "mimi Mkristo," na hayo ndiyo aliyomnyima.

Sasa nikuambie na lile ambalo sijamwambia mtu. Siku alipoungama aliniagiza nikichome kile cheti, nami nikamwambia nimekichoma, kumbe nilikificha ndani ya chungu cha dengu, na msimu wa kuchuma zeituni ulipofika wakaguzi wawili wakagonga mlango mume wangu akiwa kazini, watoto wamenishika nguo, nami nikakitoa nikasema kwa mdomo wangu mwenyewe, "Nyumba hii tumetoa sadaka, bwana, tazama." Wakaenda zao. Kaisari yule amekwisha kufa, lakini cheti bado kipo, maana anaweza kuja mwingine kama yeye.

Niambie, mama, niendelee kuingia? Na ile sahani, nimtengee?

Ni mimi,
Ninayeingia Peke Yangu.

*

Binti yangu,

Pole sana. Jina lako sikulitaja, ila mji huu una mtia rangi mmoja tu anayesimama mlangoni na mikono ya zambarau mpaka viwikoni, kwa hiyo Jumatano wajane walikohoa wakajifanya hawajui. Wanakupenda. Habari ya chungu cha dengu sikuruhusu isomwe, maana mumeo ndiye anayepaswa kuisikia kwanza.

Tumalize la Filumena. Wazee walimweka mumeo mlangoni mwa kanisa, hawakumweka mlangoni mwa jiko lako. Mpakulie chakula kama ulivyozoea, na umwongeze. Filumena miezi ile alikuwa shambani kwa kaka yake huko Beroya na hakuna aliyemuuliza kitu. Hata mimi mnayenishika mkono kwa heshima, karani alidhani nimekwisha kufa akanifuta kwenye orodha. Sijui ningesema nini mbele ya ule moto. Nawaza jambo hilo kila siku, na ndiyo maana siwezi kumcheka mumeo.

Lakini wewe nitakusema. Umeandika mistari mingi juu ya ini alilotafuna mwenzio, halafu dengu ukazisukuma mwishoni kama kitu kidogo. Mumeo amesema kweli. Majirani zetu wa hekaluni wanadhani mungu ni mtu mwenye njaa, ukimlisha anakuacha upite. Wetu hahitaji kulishwa. Anatutaka sisi wenyewe, na ulimi wetu ukiwemo. Basi usijifariji kwamba mikono yako haikushika ubani, kwa maana ulipoulizwa ulijibu. Mumeo alikana siku moja akaenda kulia mbele ya wazee. Wewe umehifadhi kukana kwako kwenye chungu kwa matumizi ya baadaye. Nayasema haya nikikuhurumia, kwa sababu nawaona hao watoto walivyokushika nguo, na nina hakika wengi wetu tungefanya vilevile.

Kwa hiyo leo, kabla hujawasha jiko, mwite mumeo, mkalishe, toa cheti umwambie yote. Hatakasirika sana kwa ajili ya wakaguzi, namjua. Kitakachomuuma ni kwamba mwaka mzima amesimama pale akiamini ameikinga nyumba yake, na mwenzake alikuwa upande uleule wa mlango bila kumwambia. Usimwombe akuelewe siku hiyohiyo. Mkishamaliza kulia kitieni cheti kwenye tanuri pamoja, mkishike nyote wawili, na muoke mkate kwa moto huo.

Kisha nenda kwa wazee. Watakutoa kwenye meza, na ule mkate utaukosa kwa muda mrefu. Utauma, binti yangu, sikudanganyi. Lakini huo unaokwama kooni sasa hivi haukulishi.

Watoto niletee mimi. Macho yangu hayaoni, ila mapaja bado yapo, watakaa nami ndani mpaka mtakaporudishwa.

Na siku ya Bwana ijayo msimame pamoja. Pale mlangoni miezi hii upepo wa kaskazini unapiga vibaya, vaa joho zito, na usimame wewe upande unakotokea upepo. Yeye amekwisha kusimama upande huo mwaka mzima.

Mama Amia