Mpishi Mwenye Miwani ya Kuchomelea

Shangazi mpendwa, shikamoo, nisaidie kabla Jumapili haijafika maana nimebanwa kotekote. Mama alitutoka mwaka jana, tukabaki baba, mimi na mdogo wangu wa kike, na baba, fundi wa kuchomelea mageti ambaye zamani hakujua hata sufuria zinakaa wapi, siku moja akaingia jikoni akatangaza kwamba sasa anapika yeye, moto ni moto tu. Shangazi, kumbe si moto tu! Wali chini umeungua, juu mbichi, katikati uji, maharage ukiyadondosha yanadunda, na chumvi anatia kama anayechanganya zege. Anapika amevaa miwani yake nyeusi ya kazini, eti vitunguu vinamwonea, ingawa hata siku ya wali mtupu anaivaa. Akishapakua anasimama mlangoni, yeye hali, anasema alishaonja, halafu anauliza, "Vipi, tamu?" Nasi tunaitikia, "Tamu, baba!" na mdogo wangu anaongeza, "Nimeshiba mpaka hapa," anaonyesha koo, kisha tunatoka kula mikate nyuma ya nyumba kama wezi. Sasa tumejikaanga kwa mafuta yetu wenyewe, kwa sababu Jumapili mchumba wangu anakuja na wazazi wake kujitambulisha, mama mdogo alijitolea kupika, baba akamkatalia, "Waulize wanangu, wanaujua mkono wangu." Nikisema kweli nitamvunja moyo, na tangu mama aondoke, jikoni ndiko pekee anakopiga mluzi; nikinyamaza, wakwe watatimua mbio na mchumba nitamkosa. Nifanyeje?

Binti wa Fundi

Shangazi anajibu:

Marahaba mwanangu, na pole kwa msiba. Kwa hayo maharage sikupi pole, mmeyataka wenyewe. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na wenu kalitia zege. Uongo wa adabu ni wa mlo mmoja, si wa mwaka mzima!

Lakini nimeisoma tena barua yako nikaacha kucheka. Umewahi kumwona baba yako akila? Hakuonja huyo, angeonja, mngekutana naye huko nyuma ya nyumba kwenye mikate. Nadhani anaogopa kuketi mezani, maana akiketi ataona nani hayupo. Nanyi mnaogopa hivyohivyo, ndiyo maana mnasema tamu upesi mkaondoka.

Basi sikiliza, na usinipindishie maneno. Kesho apike kama kawaida. Wekeni sahani tatu, umvutie kiti, umwambie, "Baba, leo hatuli mpaka uketi." Akitia kijiko cha kwanza mdomoni hutahitaji kumweleza kitu. Akicheka, chekeni naye. Akinuna, mwacheni anune akiwa amekaa. Kisha mikate itoke mafichoni, iwekwe mezani. Hapo ndipo umwombe Jumapili ampishe mama mdogo kwenye masufuria, yeye achemshe chai na akae na wageni, kwa sababu wanakuja kumwona baba wa binti, hawaji kupima chumvi. Wakishaondoka, mjifunze kupika pamoja, mkianza na kupunguza moto.

Na ile miwani, mwanangu: wali mtupu hauna vitunguu. Akishaketi, mwombe aivue. Ukiona macho yamekuwa mekundu, usimuulize kitu. Mmegee mkate.