Ngoma za Mtabila na Mgeni Rasmi

Kasulu, Jumamosi, 1997

Eti wanafunzi hawana mwamko! Mkuu wa chuo amesema hivyo mbele ya viti vitupu, na mgeni rasmi akatikisa kichwa kwa masikitiko. Nina hasira.

Saa nane ukumbi ulijaa, wengine wamekaa madirishani. Wapiga ngoma wa kambi ya wakimbizi ya Mtabila walishafika, kwa miguu, na kibali chao cha kutoka kambini kilikuwa kinaisha saa kumi na mbili. Lakini mgeni rasmi alikuwa bado Buhigwe, na bila yeye hakianzi kitu. Tukangoja. Watu wakaanza kuchomoka mmoja mmoja, nami, katibu wa utamaduni wa wanafunzi, nikiwalaani kimoyomoyo.

Kumbe wote walikuwa nyuma ya jiko. Wapiga ngoma walichoka kungoja, wakaanza kupiga. Wapishi wanacheza, walimu wanacheza, hata wale ambao siku zote huwatoi bwenini. Sijawahi kukiona chuo hiki kikiwa hai namna ile.

Mkuu akanituma. "Kazime! Wataimaliza ngoma kabla ya mgeni!"

Nikaenda, nikazima. Wakajitwika ngoma zao wakaondoka, kuwahi kibali. Mgeni akafika saa moja usiku.

Deo, kiongozi wa wapiga ngoma, ni kijana wa rika langu. Pale nilipozima ngoma, alikuwa bado anahema aliponiuliza, bila ukali wowote, "Ndugu katibu, kwani sisi tuliotembea toka Mtabila si wageni?"

Na mimi, mjinga, nikamjibu kwamba mgeni yuko njiani.