Chai ya Baba Kwenye Mteremko

Keringet,
Nakuru.
11 Mei 2025

Mpendwa ndugu yangu Sydney,

Pokea salamu kutoka kwenye ukungu wetu. U mzima? Celestine na mtoto wanaendeleaje na baridi ya Kanada? Mtoto avae soksi, usinijibu kisayansi. Sisi huku afya tunayo. Naandika kwa mkono, kisha nitapiga picha nikutumie, maana haya siwezi kuyasema kwa simu Mama akiwa ameketi kando yangu.

Ng'ombe yule mweusi amezaa. Viazi navyo vimekubali mwaka huu.

Sasa, kile kipimo chako. Ulipokuja Krismasi ukakichomeka kwenye mteremko juu ya nyumba, pale udongo ulipoporomoka ukamfunika Baba, ulimweleza Mama kwamba kinahisi kilichoko chini na kukutumia habari hadi huko. Wewe ulimaanisha maji. Mama alielewa Baba.

Uliposema udongo unalowa kila asubuhi bila mvua, na kwamba tuhame, niliamua kumfuata Mama, maana kila asubuhi alikuwa akipanda huko peke yake. Nilimkuta ameinama na thamosi, anamimina chai ya maziwa polepole, hapo hapo kwenye kipimo. Unakumbuka Baba alitoka kumtafuta ndama kwenye mvua kabla hajanywa chai. Kikombe kilibaki mezani. Tulichimba na majirani mpaka tukaambiwa tuache, na hatukumpata.

"Nampelekea baba yenu," Mama akasema. "Sydney ataniambia akinywa."

Nilicheka, Sydney, halafu nikalia. Nikaona kumbe hofu yako yote ni chai tu. Nilimwomba aache, akakubali. Alisema heri ardhi ya huko kwenu iliyoganda kwa barafu miaka yote, maana ulimwambia inatunza hata manyoya ya mnyama wa kale. Kwamba siku hizi nayo inayeyuka na vilima vinateleza, na kwamba hiyo ndiyo kazi iliyokupeleka huko, hilo hakutaka kusikia.

Lakini tangu aache kumimina, mvua haijanyesha, na ujumbe wako wa jana bado unasema udongo umelowa. Leo nimepanda kuangalia. Ulikichomeka karibu na nguzo ya ua, hata siku ile niliweza kuvishika vyote viwili kwa pamoja. Nguzo iko pale pale. Kipimo sasa kiko chini zaidi mteremkoni, mbali nayo, kimesimama wima na nyasi zake, na katikati ardhi imepasuka. Hakuna mtu aliyekigusa.

Nimeogopa sana. Nilimwonyesha Mama nikidhani sasa atakubali kuondoka. Aliutazama ule ufa, akatabasamu.

"Si baba yenu anarudi nyumbani? Nani atamfungulia mlango tukienda?"

Kesho Shangazi Jerotich anakuja na pikapu kutoka Olenguruone. Tutambeba Mama hata akipiga kelele, lakini sitaki tumbebe hivyo. Mpigie asubuhi kabla pikapu haijafika. Mwambie kipimo kimesema Baba amekunywa chai, ameshiba, amelala. Najua wewe husemi usichokipima. Mara hii sema.

Shangazi na Mjomba Kipkirui wanakusalimu. Nibusie mtoto. Mungu aishike ardhi unayoikanyaga, na hii yetu aishike walau mpaka kesho.

Hivi ninavyomaliza, namsikia Mama jikoni akiosha kikombe cha Baba.

Dada yako akupendaye,
Cheruto