Tofali Lisilopigwa Lipu

Mama Anselmi, kamwene, kama wanavyosalimiana huku. Hapa Njombe ukungu hautoki mpaka saa nne, na udongo wa kujengea unanigandisha vidole. Ila viazi vyao ni vitamu, na mimi ni mzima.

Seminari iliyoanza na banda moja la nyasi sasa tunaijengea bweni la tatu. Kila Jumapili Wakristo huja Misa na tofali moja moja kichwani. Juzi mama mmoja mzee alikataa kulitua lake kwenye rundo, akanikabidhi mkononi. Lilikuwa limeandikwa jina kwa kijiti kabla halijakauka.

"Fundi, hilo ni jina la marehemu mume wangu," akasema. "Mwanangu ni mmoja tu, yumo humu, na mwakani anapewa upadre. Mjukuu wa kulirithi sitampata. Liweke ninapoweza kuliona."

Nikalijenga karibu na mlango, jina likitazama nje. Ukuta wote tumeupiga lipu isipokuwa pale. Padre mkuu wa seminari aliniuliza kwa nini, nikamweleza. Akavua kofia mbele ya jina lile, kisha akaenda zake.

Unakumbuka nilivyomfokea Anselmi wetu alipoomba kuja kusoma huku, nikasema mwana wa pekee simtoi. Mwambie bado sijakubali. Lakini afyatue tofali moja, aliandike jina la baba yangu, alianike vizuri. Nitalibeba mwenyewe kulileta huku.

Mungu akutunze, mke wangu. Niombee, maana uzito wake nausikia tangu sasa.

Mumeo,
Baba Anselmi